Mwezi wa kusomwa kwa vidole: niliyoyaona kwa fundi wa miezi, Mtwara mjini

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari ya kutwa upande wa Mikindani. Mwaka huu nimenunua miezi mitatu kwenye karakana ndogo ya uchapaji wa 3D iliyoko Chikongola, Mtwara mjini: Mwezi wetu wenyewe, kipenyo sentimita 30, Phobos wa Mirihi, na Iapetus wa Zohali. Mwezi wetu umetoka vizuri kuliko nilivyotarajia, ila ulichukua muda na mabishano. Phobos sina neno. Iapetus niliurudisha. Ngoja nieleze kwa nini, maana najua walimu wenzangu kadhaa wa huku kusini wanataka kitu kama hiki na hawajui waulize nini.

Kabla ya hapo nilikuwa na ile taa ya mwezi, mpira wa plastiki nyeupe ambao ukiuwasha unang'aa kama mwezi mpevu. Niliinunua Dar es Salaam, nikaipakata kwenye basi njia nzima hadi Mtwara. Darasani ilipendwa sana. Kisha nikampa binti mmoja wa kidato cha pili ambaye haoni tangu utotoni. Siku mbili kabla nilikuwa nimewafundisha kwamba yale madoa meusi tunayoyaona Mwezini, yanayoitwa bahari, hayana tone la maji. Ni mabonde mapana ambayo lava ya basalti iliyajaza zamani za kale, na yako chini kuliko nyanda za juu zinazoyazunguka. Binti aliishika taa, akaizungusha taratibu, akarudi pale pale alipoanza, akauliza: "Mwalimu, mbona bahari imepanda juu?"

Nikafumba macho nikapapasa. Kweli, bahari zilikuwa zimevimba.

Nilikuja kuelewa sababu baadaye. Taa zile nyingi hutengenezwa kutokana na picha. Mashine huweka plastiki nene mahali ambapo picha ina giza na plastiki nyembamba mahali penye mwanga, ili taa ikiwaka ndani, mwanga upenye kwa kadiri ya picha. Kwa mwenye macho kila kitu kimekaa sawa. Kwa mwenye kusoma kwa vidole, Mwezi mzima umepinduliwa. Kreta ya Tycho, kule kusini, ina miale myeupe inayosambaa mbali sana, vifusi vilivyorushwa siku ile jiwe lilipogonga, inakadiriwa miaka milioni 108 iliyopita. Kwenye taa, miale hiyo imekuwa mifereji. Nilikuwa nimempa mtoto kitu kinachomdanganya, na yeye ndiye aliyenigundulia.

Ndiyo nikaanza kuulizia. Kijana wa dukani ninakotolea fotokopi akanielekeza Chikongola. Karakana haina bango. Ina mlango wa bluu na feni isiyozimwa. Ndani kuna printa mbili, meza ya mbao iliyojaa misasa na tupa, na ndoo za plastiki zenye mifuniko ambamo fundi hutunza roli za filamenti, ule uzi wa plastiki ambao printa huuyeyusha na kuupanga tabaka juu ya tabaka, pamoja na vifuko vya kufyonza unyevu, kwa sababu hewa yetu ya pwani huziharibu. Filamenti ikishanyonya unyevu, plastiki hutoka na nyuzinyuzi kama utando wa buibui.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimeambiwa unaweza kunitengenezea mwezi."

"Upi?"

Kwa swali hilo moja nilivuta kiti nikakaa.

Jambo la kwanza alilonionyesha ni kwamba yeye hatumii picha, anatumia vipimo vya urefu. Chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter, kilichorushwa mwaka 2009, kina kifaa kinachopiga leza kwenye uso wa Mwezi mara 28 kwa sekunde, kila pigo likigawanyika miale mitano, na kupima muda mwanga unaotumia kwenda na kurudi. Ramani ya urefu iliyopatikana hutolewa bure, yeyote anaweza kuipakua. Kuna toleo lenye nukta kila mita 118, lakini kompyuta yake hulemewa nalo. Anatumia lenye nukta kila kilomita 1.9 hivi, na alinipigia hesabu mbele yangu kunionyesha kwamba sipotezi kitu: kwenye mwezi wa sentimita 30, kilomita 1.9 ni chini ya milimita 0.2, na nozeli ya printa yake, mdomo unaotoa plastiki, ina tundu la milimita 0.4. Hata angeweka ramani nzuri zaidi, mashine isingeweza kuichora. Nimekutana na mafundi wengi wa fani mbalimbali. Wanaokuambia hivi kabla ya kupokea pesa ni wachache.

Sasa tuje kwenye kukuza urefu wa milima na mashimo, maana hapa ndipo penye kazi.

Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474. Ukiupunguza hadi sentimita 30, kila milimita moja ya plastiki inabeba takriban kilomita 11.6. Sehemu ya juu kabisa ya Mwezi iko kama kilomita 10.8 juu ya usawa wa wastani. Ya chini kabisa kama kilomita 9 chini yake. Maana yake ni kwamba kutoka kilele cha juu kuliko vyote hadi shimo la chini kuliko yote, kwenye mwezi wangu, hakufiki hata milimita mbili. Tycho yenyewe, yenye upana wa kilomita 85, ambayo ungeweza kupanga kreta nne za Ngorongoro ndani yake kutoka ukingo hadi ukingo, inakuwa na upana wa milimita saba na kina cha milimita 0.4. (Na globu zetu za dunia ndiyo usiseme: Kilimanjaro kwenye globu ya ukubwa huo huo ingekuwa na urefu wa milimita 0.14.)

Fundi huita kule kukuza urefu "chumvi". Chumvi moja ni urefu halisi. Chumvi tano ni mara tano. Wateja wake wengi, aliniambia, hutaka tano au hata kumi, kwa sababu mwezi wa mezani ukiwa na chumvi moja unaonekana kama chungwa. Mimi niliingia na msimamo kwamba nataka ukweli, chumvi moja, basi. Hakubishana nami. Akachapa vigae vitatu vyenye eneo la Tycho, kila kimoja kama kiberiti: chumvi moja, tatu na tano, akaniambia nikampe anayehusika avishike.

Binti alikaa navyo kipindi kizima. Cha kwanza alisema anahisi ngazi ndogondogo lakini hajui ipi ni ya Mwezi na ipi ni ya mashine. Alikuwa sahihi kabisa: printa hujenga kwa tabaka za milimita 0.2, kwa hiyo kina chote cha Tycho ni tabaka mbili tu, na ngazi za printa zinafanana nacho. Cha chumvi tano alikikataa upesi. Kile kilima cha katikati ya kreta, ambacho kwa kweli kina urefu wa kama kilomita mbili, kilikuwa kimechongoka kama mwiba na kidole hakikukaa. Cha chumvi tatu alikipapasa ukingo, akashuka, akakutana na kilima, akapanda ng'ambo, akasema, "Huku ni shimo, na katikati kuna kichuguu." Tukachukua chumvi tatu.

Nilichosisitiza, na fundi akakubali mara moja, ni kwamba chumvi iandikwe. Kwenye kitako kuna kibao alichokichapa chenye maandishi ya kawaida na ya nukta nundu: "Urefu umekuzwa mara 3." Nukta nundu zilimpa shida mwanzoni, zilitoka bapa, akachapa upya kibao kikiwa kimesimama wima badala ya kulala, zikatoka vizuri na binti akazisoma bila kusita. Kitako chenyewe ni cha mpingo, kimechongwa na mzee mmoja mchonga vinyago wa jirani, kutoka mkia wa gogo uliobaki kwenye kazi nyingine. Kizito, hakiyumbi, na mwezi unakaa kwenye kikombe chake bila gundi ili uweze kuutoa na kuupakata. Mzee hakutaka kukipaka vanishi. Alikisugua kwa nta tu, na mikono ya darasa zima inaendelea kukisugua.

Lililonichosha ni mishono. Meza ya printa yake ina upana wa sentimita 22, kwa hiyo mwezi wa sentimita 30 hauingii mzima. Huchapwa vipande vinane kama maganda ya chungwa: unakata kwenye ikweta, halafu unakata mara nne kutoka ncha hadi ncha. Kila kipande huchukua kama saa 18. Kisha vipande huunganishwa kwa gundi, mishono hujazwa puti, hupigwa msasa. Toleo la kwanza lilipokamilika nilikwenda na ramani yangu nikaanza kukagua. Upande wa kushoto kabisa wa Mwezi, pale ambapo ukiwa duniani huoni vizuri, kuna bonde la mgongano liitwalo Orientale, pana kilomita 930, lenye pete moja ndani ya nyingine kama mawimbi ya jiwe lililotupwa majini. Kwangu mimi hakuna kitu kizuri kama hicho kwenye Mwezi wote. Kwenye kipimo chetu lina upana wa sentimita nane, na nilikuwa nimeshapanga kulifanya somo zima. Mshono ulikuwa umepita ndani yake, sentimita moja na ushee kutoka katikati, na msasa ulikuwa umefuta pete kwa upana wa kidole.

Fundi alikuwa amekata kwenye longitudo 0, 90 mashariki, 180 na 90 magharibi kwa sababu ndivyo programu inavyokata yenyewe. Hakuna mteja aliyewahi kulalamika. Nilimwomba azungushe mikato kwa digrii 30 kwenda mashariki, ili upande unaotazama dunia, kaskazini ya ikweta, mishono yake miwili ipite juu ya Bahari ya Utulivu na Bahari ya Dhoruba. Kule ni tambarare ya lava, msasa hauna cha kuharibu. Alinyamaza kidogo, maana alijua maana yake ni kuchapa vyote nane upya. Tukaafikiana: mimi ninunue roli moja ya filamenti, kazi juu yake. Nadhani ilikuwa haki. Sikusema mwanzoni, naye hakuuliza. Wewe ukienda, sema siku ya kwanza kabisa: mishono ipite wapi?

Mshono wa ikweta haukuweza kukwepeka. Apollo 11 ilitua Julai 20, 1969 chini ya digrii moja kaskazini ya ikweta, na kwenye mwezi wetu hapo ni milimita mbili tu kutoka kwenye mshono, ndani kabisa ya puti. Amepachika kichwa cha pini hapo. Kingine amekipachika ndani ya kreta ya Von Kármán, upande wa nyuma, kilikotua chombo cha Wachina kisicho na watu Januari 2019. Wanafunzi huanza safari zao kwenye pini hizo.

Umeme ulikatika mara tatu wakati wa kuchapa. Printa hukumbuka ilipoishia na huendelea umeme ukirudi, lakini plastiki inakuwa imepoa, na panabaki mstari kama kovu. Kipande kimoja alikirudia bila kudaiwa kwa sababu kovu lilipita kwenye milima ya Mwezini iitwayo Apenini. Viwili viko upande wa nyuma, juu ya nyanda zenye kreta tele, nikavipokea hivyo hivyo. Tangu Agosti ameweka betri na inveta, na Phobos haikuwa na kovu lolote.

Rangi: alitaka kuupaka fedha. Nilikataa. Mwezi ukiwa angani usiku unaonekana mweupe kwa kuwa anga iliyouzunguka ni nyeusi, lakini udongo wake ni wa giza, hurudisha mwanga kidogo tu unaoupiga, karibu sawa na lami iliyochakaa. Tuliacha kijivu cha filamenti, bahari zikapakwa kijivu kizito zaidi kwa brashi kavu. Ukiuweka dirishani jua la jioni likiupiga kwa pembeni, kreta zinajitokeza zote kwa vivuli vyake, na hapo hata wenye macho wanaacha kuongea. Ufanyie hivyo mwezi wako. Usiuweke chini ya taa ya dari.

Phobos haukuhitaji chumvi hata chembe, na kwa hiyo ndio ninaoupenda kuushika. Una kilomita 27 kwa 22 kwa 18 tu, mvutano wake ni mdogo mno kuweza kuufinyanga uwe duara, umebaki na umbo la kiazi kilichong'atwa. Kwa kipimo cha 1 kwa 200,000 unakuwa na urefu wa sentimita 13.5, unakaa kiganjani, na kila bonde ni la kweli. Kreta Stickney, pana kilomita tisa hivi, inakuwa sentimita nne na nusu: dole gumba linatulia ndani. Imepewa jina la ukoo wa Angeline Stickney, mke wa Asaph Hall aliyeugundua mwezi huo mwaka 1877. Binti alipozamisha dole gumba humo aliuliza kama mwezi ule ulinusurika kupasuka. Niliona swali hilo linatosha kwa kipindi kingine, nikaligeuza kuwa kazi ya nyumbani kwa darasa zima. Ulichapwa kipande kimoja, bila mshono, kwa usiku mmoja na asubuhi yake.

Iapetus ndio ulioniudhi. Mwezi huu wa Zohali una tuta la milima linalofuata ikweta, mahali pengine urefu wake unafikia kilomita 20, lililoonekana kwenye picha za chombo cha Cassini mwisho wa mwaka 2004. Nilikuwa na hamu nalo sana, kwa sababu kwenye mpira wa sentimita 15 tuta la namna hiyo linafika milimita mbili bila chumvi yoyote. Nilichopewa kilikuwa na tuta linalozunguka mpira mzima, sawasawa kote, kama mshono wa mpira wa miguu. Tuta la kweli halikai hivyo. Limekatikakatika, na upande mwingine linabaki vilima vilivyosimama mbalimbali. Fundi alikiri kuwa faili alilichukua kwa mtu aliyelichora kwa kukisia, si kwa vipimo. Alinirudishia pesa yangu yote bila maneno. Lakini nilisikitika, kwa sababu mtu aliyenionyesha hesabu ya nozeli alipaswa kulikagua faili kabla ya kuchapa. Sasa huwa namuuliza kila mara: hili limetoka kwenye vipimo au kwenye mkono wa mtu? Ulizeni nanyi.

Bei nilizolipa: Mwezi 260,000 pamoja na kitako, ukiacha ile roli niliyonunua mwenyewe, Phobos 30,000. Fedha ya Mwezi ilichangwa na wazazi malipo ya korosho yalipoingia, ndiyo maana nilikuwa mkali kwenye kukagua. Anamimina pia miezi midogo kwa jipsam, ni rahisi zaidi, lakini niliyoishika ilikuwa inaacha unga mkononi na ukingo wake ulishaanza kumeguka; kwa darasa sishauri. Muda alioahidi ulikuwa wiki tatu, ukawa wiki saba, na sehemu ya hizo ni kwa sababu yangu.

Kusafirisha, ameufunga ndani ya boksi lililojazwa makumbi ya nazi, nikaupeleka Mikindani kwa bajaji bila mkwaruzo. Angalizo moja kubwa: plastiki hii huanza kulegea kwenye joto la nyuzi 60 hivi. Usiuache ndani ya gari lililofungwa juani, hata kwa nusu saa ya kwenda sokoni. Mwenzangu mmoja aliacha kinyago chake cha plastiki hiyo hiyo kwenye dashibodi, akakikuta kimeinama.

Wiki iliyopita binti alikaa na Mwezi baada ya kengele. Nilidhani anatafuta Tycho, ambayo sasa anaifikia bila kuongozwa. Alikuwa Orientale, vidole viwili vikizunguka pete ya nje na kimoja kikizunguka ya ndani. Akaniuliza kuhusu ncha ya kusini, kwa nini kila habari siku hizi ni ncha ya kusini. Nikamweleza kreta Shackleton, ambayo sakafu yake haipati jua kamwe. Kwenye mwezi wetu ni shimo la chini ya milimita mbili, halishikiki.

Kwa hiyo nimerudi Chikongola na oda nyingine: kigae bapa cha ncha ya kusini kwa kipimo cha 1 kwa 500,000. Shackleton itakuwa na upana wa sentimita nne na kina cha milimita nane, chumvi moja, kutoka kwenye vipimo vya leza, kipande kimoja kisicho na mshono. Nimelipa nusu. Fundi amesema kitakuwa tayari kabla shule hazijafungwa.